Kubadilisha injini ya Datsun 240Z nyumbani: angalia usukani wako uko upande gani kabla hujanunua injini

Mkuu nimesoma swali lako lote. Una 240Z ya 1972 uliyoachiwa na mzee, usukani kulia, injini yake ya asili L24 imejam na silinda zimekula kutu, unataka uipige 2JZ-GTE (injini ya Toyota ya silinda sita yenye turbo mbili) mwenyewe hapo nyumbani Mombasa na unauliza kama inawezekana na uanzie wapi. Inawezekana. Yangu imefanyika uani hapa Arusha, imebeba 1JZ-GE VVT-i, ndugu wa 2JZ asiye na turbo, na inatembea mpaka leo. Ila kuna jambo moja sijaona mtu amekuambia kwenye majibu ya juu, na ndilo litakalokula hela yako na muda wako kuliko injini yenyewe.

Video karibu zote unazoangalia YouTube za kuweka JZ au RB (za Nissan) kwenye Z ni za Marekani. Usukani wao uko kushoto. Sasa fungua boneti yako uangalie L24: kabureta zipo kushoto, na manifoldi ya ekzosi ipo kushoto hapo hapo chini ya kabureta, kichwa cha hii injini kinavuta na kutoa upande mmoja. Kulia una vitu kama plagi, distribyuta, filta ya oili na stata. Ndio maana kwenye gari ya usukani wa kulia shafti ya usukani, busta na masta silinda ya breki vinakaa kwa raha, hamna joto kubwa upande huo. JZ zote ekzosi yake ipo kulia. RB pia kulia. Kwa Mmarekani haimsumbui maana usukani wake uko upande wa pili, kwako wewe ekzosi inashuka pale pale shafti ya usukani inapopita na masta silinda iko juu yake. Na ukiweka GTE unaongeza turbo mbili upande huo huo, kwa hiyo joto linakua kubwa zaidi na nafasi inapungua zaidi.

Hili sio jambo la kupuuza hata kidogo. Mafuta ya breki ya DOT 3 mapya yanachemka kwenye nyuzi 205 hivi, DOT 4 mapya kwenye 230, yakishavuta unyevu (na Mombasa unyevu upo mwaka mzima) yanashuka mpaka 140 au 155. Yakichemka pedali inaenda mpaka chini na gari haisimami. Alafu ile shafti ya usukani ya 240Z karibu na raki ina koplingi ya mpira, ikipikwa na ekzosi mwaka mzima inalegea na huwezi kujua mpaka siku umekata kona. Mimi nilifanya hivi: manifoldi ilitengenezwa upya kwa bomba, ikabana karibu na bloki na ikarudi nyuma mapema kabla ya kukutana na shafti, koplingi ya mpira nikaitoa nikaweka joint ndogo ya chuma ya msalaba, alafu katikati ya ekzosi na shafti likakaa bati lililoachwa nafasi ya hewa pande zote mbili, na bati lingine chini ya masta silinda. Mkanda wa kuzuia joto peke yake hautoshi, unapunguza tu. Ukimaliza endesha gari mpaka ipate moto sawasawa, simama, gusa masta silinda kwa mkono, kama huwezi kuishika basi kazi haijaisha.

Kwa hiyo kabla ya 2JZ-GTE ningekuomba ufikirie mambo mawili mengine.

La kwanza ni L28. Ni ndugu wa tumbo moja na injini yako, L24 ni sisi (cc) 2,393 na L28 ni 2,753, mauntingi ni zile zile, gia boksi yako inaingia bila kubadilisha kitu, ekzosi inabaki kushoto na hili tatizo lote la juu linapotea. Watu wanadhani L28 inapatikana kwenye 280Z tu, hapana, zile Nissan Patrol za petroli za miaka ya 80, bodi ya 160, zina L28. Ulizia kwenye mashamba na kwa watu wenye Patrol zilizolala. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya Patrol utaiacha, unavalisha ya kwako ya L24 pamoja na bomba la kunyonyea oili, kabureta zako zile zile unaanza nazo. Mtu anaweza kuifanya hii kazi wikendi chache akiwa na cheni bloki na msaidizi mmoja, na gari inabaki Datsun kweli.

La pili, kama moyo wako upo kwenye JZ basi anza na isiyo na turbo kama nilivyofanya. 1JZ-GE ya VVT-i ni sisi 2,492, ilitoka Japani ikiwa na farasi 200, gari yenyewe ina uzito wa tani moja na kidogo. L24 ilitangazwa farasi 151 kwa vipimo vya zamani vya Marekani ambavyo injini ilipimwa bila ekzosi kamili wala vitu vinavyoivuta, kwa hiyo tofauti barabarani ni kubwa kuliko namba zinavyoonesha. Huku kwetu Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, kabureta zilikua zinakosa pumzi na kila nikishuka Dar nazirekebisha upya, EFI (petroli inapulizwa kwa kompyuta) inajipanga yenyewe. Na uzito hauachani sana, bloki zote mbili ni chuma.

Ukienda kununua, angalia sana usije ukauziwa 1JZ-FSE, ile ya D4, zipo nyingi kwenye Brevis, Verossa na Crown za 2000 kuendelea. Kwa nje mtu asiyejua anaona 1JZ tu na bei inavutia. Ile inapulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ina pampu ya presha kubwa inayozungushwa na injini, mfumo wake wa umeme ni mgumu kuuhamisha kwenye gari nyingine na mafundi wengi hawaitaki hata kwenye gari yake yenyewe. Chukua GE. Na ichukue na waya zote bila kukatwa, kontroli boksi yake, pedali au kebo ya aksileta, kila sensa, na kama ilikua na imobilaiza basi ufunguo wake. Pima kompresheni ikiwa bado chini, silinda sita zisipishane zaidi ya asilimia kumi. Mkanda wa taimingi, wota pampu na sili ya nyuma ya krenki vibadilishe injini ikiwa nje, hapo ni kazi ya asubuhi moja, ikishaingia ni mateso.

Gia boksi ya manyuo ndio itakayokusumbua kupata. R154 ya Toyota ni imara lakini ni adimu na bei yake utashangaa, kwa injini isiyo na turbo W58 inatosha kabisa mradi upate na kengele yake (ganda linaloiunganisha na injini) ya JZ, flaiwili na klachi vinavyoendana. Usilipie injini kabla hujaona gia boksi kwa macho.

Sasa kuhusu kuiingiza. Nakuomba sana mkuu, usikate bodi. Hii ndio gari iliyoshinda East African Safari 1971 ikiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikashinda tena 1973 ikiwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews, barabara zetu hizi hizi, injini L24. Zilizobaki huku kwetu ni chache na zinaisha. L24 yako hata kama imejam ifunge vizuri, ipake oili, iweke mahali pakavu, namba yake ni sehemu ya historia ya hiyo gari na bloki iliyokula kutu inaweza kuchongwa au kuwekewa sleeve siku hela ikipatikana. Kila nilichoongeza kwenye ya kwangu kinafungwa kwa bolti kwenye matundu ya kiwandani. Mauntingi za injini tulizichonga kwa bati la milimita 6, zinakaa kwenye krosimemba (boriti inayopita chini ya injini) palepale L24 ilipokaa, na daraja la gia boksi linashika masikio yale yale ya zamani. Nikitaka kuirudisha ilivyokua nafungua tu.

Kinachogonga kwanza ni sampu. Sampu za JZ zinatofautiana kulingana na gari injini ilikotoka, nyingine tumbo lipo mbele, nyingine nyuma, na krosimemba ya Z inataka tumbo likae nyuma yake. Yangu ilikua ya mbele kwa hiyo sampu ilikatwa ikachomelewa upya na bomba la kunyonyea oili likarefushwa kuifuata, hapo tafuta fundi anayechomelea vizuri kweli na umwage maji ndani usiku kucha kuona kama inavuja. Fanya kujaribisha na injini tupu isiyo na manifoldi, ukiwa umeining'iniza, zungusha usukani mwisho hadi mwisho, funga boneti, ndio uchomelee mauntingi. Na gari ikiwa juu iwe kwenye stendi za chuma, sio tofali. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa.

Propela shafti ipime gari ikiwa imekaa chini kwa matairi yake, sio ikiwa imening'inia. Mbele flenji ya Toyota, nyuma ya Datsun, karakana inayotengeneza shafti za malori itakuunganishia, ila wadai waibalansi. Hakikisha mwinamo wa gia boksi na wa difu unalingana, usipolingana utapata mtetemo ambao utauhangaikia miezi ukidhani ni matairi.

Mafuta. Kabureta zinataka presha ndogo sana, EFI inataka kama baa 3. Ile mipira ya zamani ya mafuta chini ya gari itoe yote, weka ya EFI na klipu zake, hapa ndipo gari zinapoungua. Tenki la Z halikutengenezwa kwa EFI, ukikata kona likiwa robo pampu inanyonya hewa, kwa hiyo weka katenki kadogo pembeni kanakojazwa na pampu ya presha ndogo alafu pampu kubwa inanyonya humo. Tenki lenyewe lisafishwe kutu kabla, nozeli hazisamehi uchafu. Na mtungi wa kuzimia moto ukae ndani ya gari kuanzia siku ya kwanza ya kuwasha.

Umeme sitauongelea sana maana injini ikiwa na waya zake inajitegemea, unahitaji umeme wa moja kwa moja, wa swichi, na ethi nzuri. Ila kuna kitu kimoja: 240Z ina geji ya ampia na umeme wote wa kuchaji unapita ndani yake kwa waya za miaka hamsini. Alteneta ya 1JZ inatoa mwingi kuliko ile ya zamani. Pitisha waya mpya mnene kutoka alteneta mpaka betri, usiipitishe kwenye hiyo geji. Geji ya mizunguko nayo haitasoma bila kifaa cha kutafsiri ishara, maana distribyuta haipo tena.

Breki usiziache za mwisho. Mbele una diski, nyuma dramu, zilitosha kwa L24. Kalipa za Hilux ya 4WD ya 1979 mpaka 1985, zenye pistoni nne, zinafunga kwenye strati ya 240Z na diski yako ya kawaida, chukua zile zenye alama S12+8. Utakata kidogo lile bati la vumbi nyuma ya diski, basi. Na Hilux huko kwenu spea zake sio shida. Difu ya R180 inavumilia 1JZ ya kawaida, ukienda turbo anza kutafuta difu ya R200, ni imara zaidi.

Kwa vile uko pwani, kabla ya yote haya piga gari kwa bisibisi chini kwenye reli za sakafu, chini ya betri, na pale mbele zinaposhika zile fimbo za kushikilia tairi. Kama bisibisi inazama, hela ya injini iende kwenye bodi kwanza.

Makaratasi: huku nilipeleka risiti ya injini na gari ikakaguliwa ndio kadi ikabadilishwa namba TRA (mamlaka ya mapato), huko kwenu Kenya ni NTSA, fanya hivyo kabla hujaitembeza mbali kwa sababu bima inaangalia namba.

Ukishaitoa L24, pima kutoka katikati ya injini mpaka shafti ya usukani kwa juu na kwa chini, na kutoka krosimemba mpaka kibambaza cha mbele ya dashibodi, piga na picha za upande wa kulia peke yake, weka hapa. Nitakulinganishia na za kwangu kabla hujatuma hela ya injini yoyote.