Kabla hujaingia studio, beba kalamu

Wimbo wangu wa kwanza niliurekodi Isevya, hapa Tabora mjini, kwenye chumba chenye magodoro ukutani. Feni ilizimwa isije ikasikika kwenye maiki, nikaimba jasho likinidondokea kwenye gitaa. Nililipa elfu hamsini, nusu yake nimemkopa mama mdogo.

Baada ya miezi minne nikaukuta YouTube, kwenye chaneli ya prodyuza. Jina lake lipo, langu halipo. Nikamfuata. Akaniuliza swali moja tu: "Dogo, mdundo ni wa nani?" Nikabaki nimeduwaa, kwa sababu kweli mdundo aliutengeneza yeye.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba ndani ya wimbo mmoja kuna mali mbili. Kuna utunzi, yaani mashairi na melodi, na kuna rekodi yenyewe, ile wenyewe wanaiita masta. Unaweza kumiliki utunzi huku masta ikiwa mikononi mwa mtu mwingine, na kila mmoja akawa na haki yake. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu anapobuni kazi yake, hata kama hajaisajili popote. Lakini siku ya kubishana utaonyesha nini? Ndiyo maana nawaambia wadogo zangu wasajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na wasitupe yale madaftari yenye mistari iliyokatwakatwa. Langu lilikuwa limeshawashia mkaa.

Siku hizi siingii studio bila karatasi. Ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili cha kawaida: nani kaandika mashairi, nani katengeneza mdundo, nimelipa shilingi ngapi, masta ni ya nani, nani ataupandisha mtandaoni na mapato tunagawana vipi. Tunasaini wote wawili, kila mtu anapiga picha kwa simu yake. Halafu naomba sauti zote moja moja kwenye fleshi, gitaa peke yake, besi peke yake, sauti yangu peke yake. Bila hizo, ukitaka kurekebisha chochote itabidi urudi kumpigia magoti aliyekurekodi.

Kuna mmoja alinuna, "Kwani huniamini?" Nikamnunulia soda, nikaondoka na gitaa langu. Wengine wawili walisaini papo hapo, na mmoja akaniomba nimwachie nakala awe anawapa wateja wake.

Utaambiwa pia upande treni uende Dar, ukatobolee huko. Nenda ukipenda, ila mji huu umetoa bendi kama Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Mimi ningekaa kwanza nikusanye nyimbo tano zenye karatasi zake, maana huko mjini hao wa "dogo, mdundo wa nani" ni wengi zaidi.

Ule wimbo wa Isevya? Masta niliachana nayo. Utunzi ni wangu, hata yeye hakubisha. Mwezi uliopita nikauimba upya kwa simu, gitaa kavu tu, chini ya mwembe wa nyumbani. Jogoo wa jirani anasikika kwenye vesi ya pili. Nimemwacha, hakudai asilimia.