Dola za spea: usinunue zote siku moja

Ndugu yangu, umeuliza ununue dola zote sasa za kulipia spea zako za Dubai ama ungoje zishuke, na malipo yako bado wiki sita. Usicheze kamari bana. Soko letu la dola hapa Kenya ni dogo, wanunuzi wa mafuta wakiingia wote pamoja bei inaruka, chai ikilipwa na watu wetu wa majuu wakituma nyumbani inatulia.

Wakumbuka Januari 2024? Dola ilifika kama shilingi 160, watu wakazificha wakingoja 200, mara Februari serikali ikachukua Eurobond mpya (mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje) ikalipa sehemu kubwa ya ile ya dola bilioni 2 iliyokuwa ilipwe Juni, uoga kwamba nchi itashindwa kulipa ukaisha, na kufikia mwisho wa Machi tuko kwa 131 na kitu hivi. Mi nilikuwa nimeshika dola elfu 3 za kununua kwa 161, elfu tisini za shilingi zikaenda na maji, mke wangu hajui mpaka leo 😅

Mi ningegawa mara tatu, kila wiki mbili kidogo. Bei ya Benki Kuu ni ya kukuonyesha tu, kwa maduka ya kubadilisha pesa hutaipata hiyo, so zunguka hayo ya Digo Road na Moi Avenue hapa Mombasa uulize bei ya kuuza NA ya kununua, kisha pigia benki yako uwaambie fulani kanipa hivi, mara nyingi wanalegeza. Ukipewa noti, kataa zilizochakaa na zile ndogo ndogo, ukizirudisha wanakukata.