Maswali ya Jikoni: Chapati ya Mishkaki Inapokwenda Harusini

SWALI: Shikamooni wahariri. Nina guta nililoligeuza jiko. Nauza chapati iliyokunjiwa mishkaki, kachumbari na ukwaju, na hapa mtaani inakwenda vizuri. Juzi nilipata kazi ya harusi ya watu 150. Nilikunja zote nyumbani nikazipanga kwenye hotipoti. Zilipofika ukumbini nyingine zimelowa, nyingine zinapasuka. Nimekosea wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Kosa ni kukunja mapema. Barabarani mteja anakula papo hapo. Harusini chakula kinasubiri hotuba, na kachumbari haisubiri. Chumvi hutoa maji kwenye nyanya na kitunguu, maji yanaingia kwenye chapati. Toa mbegu za nyanya, beba kachumbari bila chumvi wala ndimu, vitie ukumbini. Unapojaza, tanguliza kabichi iliyokatwa nyembamba, kisha nyama, kachumbari juu yake. Ukwaju uwe mzito, na usiguse chapati.

Kupasuka kuna sababu mbili. Ya kwanza ni moto mdogo: chapati inakaa sana kwenye chuma na kukauka kabla ya kuiva. Ya pili ni tabaka nyingi. Chapati ya chai tunaipenda ichambuke, lakini ya kukunjia isiwe na tabaka nyingi. Kwa kilo 1 ya unga tumia maji ya uvuguvugu mililita 630 hivi, mafuta mililita 70 na vijiko 2 vya chai vya chumvi. Kanda dakika 10, pumzisha nusu saa. Donge la gramu 80 litakupa chapati 21. Zikitoka motoni zipange moja juu ya nyingine ndani ya kitambaa safi kikavu, ndipo uziingize kwenye hotipoti. Bila kitambaa mvuke unarudi kama matone.

Kwa wageni 150, mbili kila mmoja, ni chapati 300: unga kilo 15, na akiba kidogo imo humo. Ukitaka gramu 60 za nyama iliyoiva kwa kila moja, nunua steki kilo 27, maana motoni inapungua kama theluthi. Papai bichi lililosagwa kijiko 1 cha chakula kwa kilo kinatosha, kwa saa moja au mbili. Ukililaza usiku kucha nyama inakuwa uji na haishiki kwenye mshikaki. Safirisha nyama mbichi kwenye barafu; iliyoiva ibaki juu ya nyuzijoto 60.

Sasa piga hesabu ya mikono. Kukunja moja kwa sekunde 20 ni dakika 100 kwa meza moja. Weka meza mbili, kila moja na mtu wa kupasha, wa kujaza na wa kukunja. Bei uliyotaja kwa mwenye harusi ibebe watu hao sita. Wengi hutoza kwa bei ya mtaani halafu wanashangaa faida imekwenda wapi.

SWALI: Mtungi wangu wa kilo 6 unapoteza moto ungali na gesi, na nje unaganda umande. Nimeuziwa gesi mbaya? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Si lazima. Gesi ya majimaji hutumia joto la mtungi wenyewe ili igeuke mvuke. Jiko la kilowati 8 hula zaidi ya nusu kilo kwa saa. Mtungi mdogo unapoa, shinikizo linashuka. Tumia wa kilo 15 na uusimamishe wima kwenye hewa. Wako wanaoulaza au kuusogeza karibu na jiko ili upate nguvu: hiyo ni hatari kabisa. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio ya regulata na mpira. Likifura, funga.

SWALI: Niongeze urojo kwenye menyu ya sherehe? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Ongeza, ila mchuzi usafiri peke yake ukiwa moto, na bajia, viazi na kachori kando. Kila bakuli lichanganywe mbele ya mgeni.