Mwandiko kwenye Fomu ya Baba Yenu

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unasema kampuni ya bima ya maisha imekubali kukuchukua, ila kwa ada karibu mara mbili ya wenzako kwa sababu ya saratani. Unaniuliza uanze kulipa sasa, au usubiri mpaka itimie miaka 5 tangu umalize matibabu, labda bei itashuka. Halafu chini kabisa, kama jambo dogo, ukaandika kwamba kuna wakala mwingine anaweza kukupatia kwa bei ya kawaida, ukiruka tu ule mstari wa magonjwa.

Mimi nimekwama kwenye huo mstari.

Hujawahi kunisikia nikisimulia vizuri habari ya fomu ya baba yenu. Ilikuwa 2007, umeme umekatika, tumewasha karabai aliyokuja nayo kutoka mwaloni. Mikono yake ilikuwa na oili ya injini, akasema fomu isichafuke, nishike kalamu mimi. Jina, nikaandika. Tarehe ya kuzaliwa, nikaandika. Tukafika kwenye magonjwa: moyo, presha, kisukari. Nikanyanyua kichwa. Mimi ndiye niliyekuwa namsongea ugali wa mtama na kumfichia sukari kabatini, na kadi yake ya kliniki ilikuwa kwenye kabati hilohilo. Akasema, "Andika hapana. Mimi mzima, nabeba injini begani." Wakala alikuwa anakunywa chai yetu, akasema watu wote huandika hivyo. Nikaandika hapana. Herufi sita.

Tukalipa miaka minne. Unajua fedha ya dagaa inavyofuata mwezi: giza likiingia mitumbwi inatoka na taa, mbalamwezi ikiwaka watu wanakaa nchi kavu wanashona nyavu. Ada ya bima haijui mbalamwezi. Kila giza nilifunga elfu ishirini kwenye pindo la khanga, haiguswi, hata mwezi ule mdogo wako alipokuwa anakwenda shule na viatu vilivyotoboka.

Figo zikamchukua 2011. Nikaenda mjini na cheti cha kifo. Ofisa niliyemkuta alikuwa kijana mpole, alinipa pole kabla sijakaa. Akaitoa fomu, akaweka pembeni yake nakala ya kadi ya kliniki, tarehe imeitangulia fomu kwa mwaka mzima. Akaniuliza, "Mama, huu mwandiko ni wa marehemu?" Nikasema ni wangu. Hakusema neno tena. Aliigeuza fomu taratibu, ikalala kifudifudi, nisiendelee kuitazama.

Muhula ule ulikaa nyumbani ukaanika dagaa pamoja nami, na hukuuliza kwa nini.

Ndiyo maana nawaambia siku zote, na mdogo wako amechoka kusikia: kampuni iliyokukubali bila kukujua haijakukubali. Mkataba wa bima umesimama juu ya ukweli wa anayeomba. Ukificha ugonjwa unaoujua, wanaweza kuufuta. Na hawachimbui siku unayolipa ada, wanachimbua siku mwanao anapokwenda kudai, na wewe haupo tena wa kueleza. Wakala wakati huo kamisheni yake alishaila zamani.

Usiku mwingine najibishana mwenyewe. Tungeandika ndiyo, huenda wangemkataa, au wangepandisha ada tukashindwa. Si yaleyale, hakuna hela? Lakini hapana, si yaleyale. Tungejua. Elfu ishirini ya kila giza ingekwenda Buswelu, kwenye kile kiwanja alichokuwa anakitamani, wakati bei ilikuwa bado ya watu kama sisi. Halafu najijibu tena: ningejuaje, mtu mzima amesimama mbele yangu, anacheka, na mgeni yuko sebuleni? Baba yenu nilishamsamehe. Mwandiko ndio unaonisumbua, maana ni wangu.

Ulinitumia na ile habari ya Ufaransa, kwamba tangu 2022 aliyemaliza matibabu ya saratani, ikapita miaka 5 bila kurudi, halazimiki kuitaja kwenye bima ya mkopo wa nyumba. Ni sheria ya huruma, nilifurahi kuisoma. Lakini fomu iliyo mezani kwako Geita inauliza, na ukiulizwa, jibu.

Jibu kwa kirefu. Neno saratani peke yake linawatisha. Waandikie aina yake, hatua iliyokutwa nayo, majibu ya kile kinyama walichokukata, tarehe ya dripu ya mwisho, vidonge unavyomeza hadi leo. Karatasi hizohizo zipeleke na kampuni nyingine mbili, maana hazipimi sawa. Yule wakala ulizia kama amesajiliwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Bima isiyouliza afya kabisa nayo usiikimbilie; kwa kawaida malipo yake ni madogo na ina kipindi cha kusubiri. Na kabla ya yote, uliza kazini kama mna bima ya kikundi, kwa sababu nyingi hazihoji afya ya mfanyakazi mmoja mmoja mpaka kiwango fulani cha fedha. Ukiwa hapo, tazama wategemezi uliowaandikisha NSSF. Kama jina la yule mwanaume bado limo na la mwanao halimo, hilo halihitaji ushauri wangu.

Sasa, ulipe au usubiri? Jibu ninalo, limenikaa mdomoni tangu juzi. Ila mimi ndiye niliyekushika kichwa pale Kigongo tukisubiri kivuko, ndoo magotini, siku ileile ya dripu, kabla hili daraja halijafunguliwa. Mtu aliyeshika ile ndoo hawezi kuipima miaka yako kwa hesabu. Nikisema lipa, utasikia kwamba naogopa. Nikisema subiri, nitakuwa nimekuonyesha kwamba siogopi, na hiyo itakuwa hapana yangu ya pili. Kwa hiyo amua wewe, ukishaona bei tatu mbele yako. Ukinibana sana nitasema, lakini usinibane.

Nakala ya faili lako la hospitali ya Bugando ilikuwa kwenye sanduku la baba yenu, chini ya ile barua ya kukataliwa. Nimeitoa, nimeifuta vumbi. Ukija Jumamosi na mtoto utaikuta mezani, na kalamu ipo. Utajaza mwenyewe, mimi nitakaa pembeni nikisoma kila mstari.

Mama yako