Tegu wa mbwa kwenye mapafu: mi nilipasuliwa, wacha nikujibu

Ndugu umeuliza kama kweli tegu anaweza kuingia mapafuni, maana mjomba wako anakohoa mwaka mzima, makohozi yamepimwa TB hakuna kitu na eksirei imeonyesha kitu cha duara. Inawezekana kabisa, mi nina kovu ubavuni.

Kwanza huyu sio yule tegu mrefu wa nyama ya ng'ombe. Huyu ni kadudu ka milimita chache tu, kanaishi kwenye utumbo wa mbwa. Mbwa anampata akitupiwa maini au mapafu ya mbuzi yenye vifuko vya maji, baadaye anakunya mayai, yanashika kwenye manyoya, kwenye mchanga, kwenye maji ya kunywa. Sisi huko Turkana tumekua na mbwa ndani ya boma, na kuna kipindi eneo letu lilitajwa kati ya yale yenye huu ugonjwa sana duniani, shirika la afya la Amref wakaleta kampeni huko miaka ya 80.

Ukimeza yai, kadudu kanatoboa utumbo kanaingia kwenye damu, wengi wanakwama kwenye ini, wanaopenya wanafika kwenye mapafu. Hapo hatafuni pafu, anajenga mfuko wa maji, na mwili wako unauzungushia ukuta wa kovu. Sasa pafu ni laini, halibani kama ini, kwa hivyo mfuko unapata nafasi unakua, unasukuma, sehemu ya pembeni inasinyaa, njia za hewa zinabanwa makohozi yanatuama. Na miaka inaweza kupita hujui kitu.

Wangu ulipasukia kwenye njia ya hewa. Nilikuwa nimeinama nafunga gunia, nikakohoa mara moja mdomo ukajaa maji ya chumvi, ndani yake vipande vya utando mweupe kama ile ngozi ya ndani ya yai la kuchemsha. Muda si muda mwili wote upele, pumzi inakata, presha chini. Yale maji yakimwagika mwili unaweza kuyakataa vibaya mno, watu wanakufa hivyo. Na zahanati fulani ilikuwa imeshanimezesha dawa za TB bila hata kupima makohozi, nikikumbuka nakasirika mpaka leo.

Kwa hivyo mtu yeyote asimchome mjomba sindano ya kifua eti kunyonya maji kabla hawajajua ni nini. Kwenye ini wataalamu huwa wanatumia sindano kwa masharti yao, kwenye pafu wanaikwepa. Albendazoli, ile dawa ya minyoo, pia msijinunulie dukani, mfuko mkubwa wa pafu unaweza kulegea ukapasuka. Mi nilipasuliwa kwanza, wakazungushia vitambaa vyenye maji ya chumvi kali ili mbegu za tegu zisisambae, wakatoa utando, wakashona matundu ya hewa, ndo dawa zikafuata miezi kadhaa huku napimwa ini na damu.

Tafuteni daktari wa upasuaji wa kifua, ombeni siti skani, na ini lipigwe ultrasaundi kwa sababu mifuko huwa haikai sehemu moja tu. Kipimo cha damu kikisema hakuna msikiamini sana, kwa mifuko ya mapafu kinakosea mara nyingi. Shangazi asiogope kula naye sahani moja, haiambukizi mtu kwa mtu. Na mwambieni daktari kama mjomba alichunga mifugo au aliishi na mbwa utotoni, mi hakuna aliyeniuliza mpaka nilipofika kwa yule wa kunipasua.