Muulize Fundi: Nimekaza nati mara tatu, gurudumu bado linacheza

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Paje, natembeza wageni kwa kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne. Tunazo tano za Kichina za cc 200, za cheni, bosi alizinunua mkononi. Moja inanitoa roho. Magurudumu ya nyuma yanacheza, ukipita kwenye mawe unasikia ko-ko-ko chini ya kiti. Nimekaza nati nne za kila gurudumu mara tatu, na kila nikizikagua hazijalegea, lakini kucheza kuko palepale. Wiki hii cheni imeruka mara mbili, na diski ya breki imeanza kukwaruza upande mmoja. Bosi anasema nikaze zaidi. Nikaze nini tena?
— Dereva wa kwadi, Paje

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikaze kitu. Weka spana chini kwanza.

Zile nati nne zinashika ringi kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, basi. Nyuma ya habu kuna ekseli, nyuma ya ekseli kuna beringi, na katikati ya vyote hivyo kuna nati nyingine ambazo wewe huzioni kwa sababu zimefunikwa na mchanga na grisi iliyoganda. Wewe unakaza mlango, kumbe kilicholegea ni fremu.

Kwadi za aina yako zina ekseli moja ndefu iliyonyooka toka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Imepita ndani ya nyumba ya beringi iliyo mwishoni mwa swingamu, ule mkono wa chuma unaoshika ekseli na kuiunga na fremu, na juu ya ekseli vimekaa sproketi, yaani duara la meno linalovutwa na cheni, na diski. Kwa hiyo kikilegea kimoja, vyote vinapiga kelele, na kelele inatokea mahali ambapo ugonjwa haupo. Ndiyo maana nakuomba utumie mikono kabla ya spana. Piga jeki chini ya fremu mpaka magurudumu yote mawili ya nyuma yaelee, zuia matairi ya mbele kwa mawe, toa gia, achia breki. Mwite mwenzako mmoja, kazi hii haitaki mtu peke yake.

Kaa nyuma ya kwadi kama mtu anayetaka kusukuma benchi. Shika magurudumu yote mawili, sukuma kushoto, vuta kulia. Ekseli nzima ikiteleza huku fremu imetulia, basi zimelegea nati mbili kubwa nyembamba zilizo juu ya ekseli yenyewe, zimekaa bega kwa bega, moja ikiifunga nyingine. Kwa kwadi nyingine ziko upande wa sproketi, kwa nyingine upande wa diski. Safisha utaziona.

Pili, shika gurudumu moja juu na chini, litikise. Mwenzako aweke kidole pale ekseli inapoingia kwenye nyumba ya beringi. Akihisi ekseli inaruka chini ya kidole chake, beringi zimekwisha. Ikiwa ekseli imetulia na linalocheza ni gurudumu tu, tatizo liko kwenye habu.

Tatu, mwenzako akanyage breki. Diski iko juu ya ekseli, kwa hiyo ekseli imekamatwa. Sasa zungusha gurudumu mbele na nyuma. Likienda hata kidogo kabla ya kugoma, meno ya ndani ya habu yameliwa, au meno ya ekseli, au yote mawili.

Na kama swingamu nzima inayumba, hizo ni bushi za mbele, kwenye bolti inayoishika na fremu. Hilo halina hadithi: badilisha bushi.

Kwa barua yako, mimi naweka dau kwenye la kwanza. Cheni hairuki bure. Sproketi ikihama upande hata milimita chache, cheni inavutwa pembeni, inapanda meno. Na diski ikihama pamoja na ekseli, lazima ikwaruze pedi upande mmoja. Umeniandikia dalili mbili za ugonjwa mmoja. Lakini pima yote, kwa sababu kwadi iliyotembea muda mrefu na nati zimelegea mara nyingi imeshakula na beringi.

Sasa dawa. Rudisha nati zote mbili nyuma, usianze kukaza juu ya uchafu. Piga nyuzi, ile mistari ambayo nati inapandia, brashi ya waya, osha kwa petroli au dawa ya kusafishia breki, futa mpaka kitambaa kitoke kikavu. Gundi ya nati haishiki kwenye mafuta. Tia gundi nyekundu, siyo ya bluu; ya bluu ni ya bolti unazofungua kila mara. Kaza nati ya ndani mpaka ekseli isiteleze tena. Kisha ishike hiyohiyo kwa spana moja isigeuke, na kwa spana ya pili kaza ya nje dhidi yake. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanakaza ya nje huku ya ndani inazunguka nayo, mwisho zote mbili zimesogea na hakuna iliyomfunga mwenzake. Baadaye iache mchana na usiku mzima, wageni wapande nyingine. Gundi hiyo inataka saa 24 ikomae sawasawa. Na siku ukitaka kuzifungua itabidi uzipashe moto, ukiwa umetoa sili za mpira zilizo karibu.

Spana utakayohitaji ni pana na nyembamba. Usitumie ile ya kupanua na kubana mnayoiita malaya. Itakula pembe za nati, na ukishazila utarudi kwa tindo na nyundo. Nimeona nati za ekseli zilizopigwa tindo mpaka zikawa na sura ya embe lililoliwa na popo. Mchomeleaji yeyote atakukatia spana nyembamba kwenye bamba la chuma la milimita 6. Pima upana wa nati kwanza, usikisie.

Ikiwa beringi nazo zimekwisha, ekseli lazima itoke. Toa gurudumu, habu, cheni na kalipa ya breki, ile inayobana diski kwa pedi. Kabla hujapiga nyundo kwenye ncha ya ekseli, rudisha nati ya habu mpaka iwe sawa na ncha, uweke na kipande cha mti. Ukipiga chuma kwa chuma, nyuzi zinapasuka kama uyoga na ekseli nzuri inakuwa chakavu kwa dakika moja.

Beringi zina namba ubavuni. Isome kabla hujaitupa. Tuseme imeandikwa 6008-2RS. Tarakimu mbili za mwisho, 08, zidishe kwa 5 upate 40: hiyo ndiyo milimita ya tundu la ndani. Nje ni 68, unene 15. Herufi za mwisho maana yake ina sili za mpira pande zote mbili, na kwa mchanga wa Paje usikubali nyingine. Uzuri wa namba ni kwamba huhitaji duka la kwadi. Muuza beringi hajali kama unaiweka kwenye kwadi au kwenye mashine ya kusaga, mpe namba tu.

Unapoingiza mpya, sukuma kwenye ringi ya nje, kamwe usigonge ya ndani. Beringi kuukuu ndiyo kifaa chako bora cha kusukumia. Ilaze mpya kwenye friza saa kadhaa, nyumba yake iweke juani, utashangaa inavyoingia. Na kati ya beringi mbili kuna bomba fupi. Vijana wengi huliona halina kazi wakalitupa pembeni. Bila hilo bomba, ukikaza nati unazisukuma beringi zigongane ubavu, na zitakufa mapema kuliko zile ulizozitoa.

Mwisho wa kazi ni habu. Nati yake ina mifereji kama taji, na tundu la kupitisha spiliti pini, kile kipini cha miguu miwili kinachokunjwa ili nati isifunguke. Kitabu cha kwadi kinataja nguvu ya kukazia. Kama huna spana ya kupimia, tumia hesabu: bomba juu ya spana, ncha yake iwe mita 1 toka kwenye nati, na mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki kwenye ncha. Ukivuta mpaka mizani isome kilo 15, umekaza karibu Nm 150 (Nm, yaani newtoni mita, ndicho kipimo cha nguvu ya kukazia). Gawa au zidisha kufuata kitabu chako. Kama tundu halijakaa sawa na mfereji, endelea kukaza mpaka mfereji unaofuata. Usirudishe nyuma, hata nywele.

Hili la pini nalijua kwa aibu. Nilifanya kazi miaka sita Sharjah, kwenye vilima vya mchanga vya Al Badayer, gereji ya kukodisha kwadi. Ijumaa moja alasiri foleni ni ndefu, pini zimekwisha, nikachukua msumari wa inchi 3, nikaupitisha, nikaukunja. Ulionekana mzuri kabisa. Mteja alikuwa anashuka kilima mara gurudumu lake la nyuma likampita, likatangulia mbele yake likidunda kama mbuzi aliyekata kamba. Alipinduka taratibu kwenye mchanga laini, hakuumia, alhamdulillahi. Nati niliitafuta mpaka magharibi kwa sumaku ya spika iliyofungwa kwenye fimbo. Iko hukohuko mpaka leo. Msumari umetengenezwa kuingia mbaoni, siyo kuzuia nati inayotikiswa siku nzima. Pini ni kitu cha bei ya karanga. Nunua pakiti, na kila ukiitoa ya zamani usiirudishe.

Mwambie bosi nimesema mimi: kukaza zaidi siyo ufundi.

SWALI: Fundi, nina gereji ya pikipiki Ukunda. Mteja kaniletea kwadi, habu ya nyuma meno yameisha, linazunguka gurudumu ekseli imesimama. Habu mpya mpaka iagizwe. Ananishinikiza niichomelee habu kwenye ekseli. Nifanye?
— Fundi mwenzio, Ukunda

JIBU: Ndugu yangu, usifanye, hata akilipa mara mbili. Ekseli imepewa ugumu wake kiwandani kwa moto na kupozwa kwa kipimo. Ukiichomelea, pembeni ya weldi pale chuma kinabadilika tabia, na hapo ndipo itakapokatika, siyo kwenye weldi yenyewe. Itakatika akiwa barabarani. Na hata isipokatika, beringi zikifa utaitoaje ekseli na habu imeota juu yake?

Najua wapo wanaokata kopo la soda na kulifunga kwenye meno ili pabane. Hilo ni la kukufikisha nyumbani kwa mwendo wa kinyonga. Siyo la kumkabidhi mteja.

Lakini muulize mteja wako swali moja: anaendesha wapi? Nakisia atakwambia kwenye lami. Kwadi ya cheni haina difu, ile gia inayoruhusu gurudumu moja lizunguke haraka kuliko jingine. Magurudumu mawili ya nyuma yanazunguka sawasawa, na kwenye kona, gurudumu la nje linatakiwa liende mbali kuliko la ndani. Kwenye mchanga moja linateleza na hesabu inakwisha. Kwenye lami tairi limeng'ang'ania, kwa hiyo kila kona ekseli inasokotwa kama nguo inayokamuliwa, na meno ya habu ndiyo yanayolipa. Angalia na upepo wa matairi. Nyingi zinataka psi 4 hadi 7, imeandikwa ubavuni, na vijana wa pancha wanajaza 30 kama bodaboda. Tairi linakuwa jiwe, na kila shimo linafika kwenye ekseli.

Ukipata habu mpya, kagua meno ya ekseli kwa kidole kabla hujaipandisha. Yakiwa makali kama wembe, agiza na ekseli. Halafu izungushe, ncha ya bisibisi ikiwa karibu na ekseli bila kugusa. Pengo likifunguka na kujifunga, imepinda.

SWALI: Nina kwadi mbili za kukodisha Nungwi. Nimeambiwa zikitoka pwani nizioshe kwa presha kila jioni ili chumvi isile chuma. Nafanya hivyo, lakini beringi nabadilisha kila msimu. Nakosea wapi?
— Mama wa kwadi mbili, Nungwi

JIBU: Kuosha kila jioni umefanya vyema, dada yangu. Kosa ni ile bunduki ya presha. Maji yake yanapita chini ya sili, yanaingia kwenye beringi pamoja na chumvi ileile unayoifukuza, kisha sili inayafungia humo. Tumia mpira wa kawaida na maji ya kisima yasiyo na chumvi, mengi na ya taratibu, brashi kwa mkono. Na usioshe kwadi ikiwa ya moto toka safari: beringi yenye joto ikipigwa maji baridi inavuta maji ndani yenyewe. Acha ipoe wewe ukinywa chai.

Baada ya kukauka, cheni ipakwe mafuta, na kama nyumba ya beringi ina kinipo cha grisi, yaani chuchu ya kupampia, pampu mpaka grisi kuukuu itoke pembeni. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yalishaingia. Nyingi za Kichina hazina kinipo, na hapo huna la kufanya ila sili mpya kila ukibadilisha beringi. Na waambie vijana wako wasikate maji ya bahari kwa mbwembwe mbele ya wageni wanaopiga picha. Maji yakifika katikati ya gurudumu la nyuma, beringi zimeoga.