Pampu imetushinda na huu mlima, tununue kubwa?

SWALI: Habari mhariri. Sisi ni kikundi cha wakulima 12, mashamba yako mteremkoni na mto uko bondeni, kama mita 60 chini yetu. Pampu yetu ya petroli mwanzo ilikuwa raha tupu, saa hizi mafuta yanatumaliza, bomba limepasuka mara 3 na kila mara ni kule kule chini, wenzetu washaanza kukacha michango. Tutafute pampu kubwa zaidi?

JIBU: Msithubutu, mtachoma mafuta zaidi tu, maana kinachowamaliza ni kimo. Kila mita 10 za kupandisha maji ni presha ya karibu bar 1, kwa hiyo pale chini bomba linabeba bar 6 hata kabla ya msuguano wa maji ndani ya bomba, ndo maana linapasukia hapo. Na mkizima injini ghafla maji yote ya juu yanarudi kwa kishindo (nadhani ule mlio mnaujua). Wekeni valvu ya kuzuia maji yasirudi, na vipande vya chini viwe bomba la bar 10, huko juu jepesi linatosha.

Halafu acheni kumwagilia moja kwa moja kutoka kwenye pampu. Jengeni tanki juu ya mashamba, pampu ilijaze polepole, maji yashuke yenyewe kwa mipira ya matone. Hapo hata sola inawezekana bila betri, wingu likipita maji yanapungua kidogo basi. Bomba nalo msibanie, kwa kiasi kile kile cha maji kipenyo kikiwa mara 2 msuguano unashuka karibu mara 30.

Kama mto wenu una maporomoko ulizeni kuhusu haidramu, pampu inayosukumwa na maji yenyewe, haili mafuta kabisa. Ila ni kidogo kidogo, maporomoko ya mita 3 yatawapandishia kama lita 3 katika kila 100 zinazopita, lakini inagonga usiku na mchana na tanki linajaa mkiwa mmelala.

Michango: kila mtu alipe kwa maji anayochota, mita ndogo ya kupimia maji inatosha, na hela ya matengenezo ikae mbali na ya mafuta, zikichanganywa tu imekula kwenu.

Kabla hamjanunua chochote, pimeni kule juu ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde ngapi, mtuandikie tena pamoja na urefu na kipenyo cha bomba, tuwapigie hesabu.